Mtu Ndani ya Bati

Gort alikuwa na mavazi mawili. Moja lilikuwa na zipu mgongoni, la pili lilikuwa na zipu kifuani, na kila siku ya kazi swali lilikuwa lilelile: kamera imesimama upande gani? Ikiwa mbele, Lock Martin alivishwa la zipu ya mgongoni. Akitakiwa kuonekana akienda zake, kazi ilisimama, akavuliwa, akavishwa la pili. Ndiyo maana watu waliokwenda kutazama The Day the Earth Stood Still ilipotoka Septemba 1951 waliona jitu la chuma lisilo na mshono wala msumari, lililoshuka kutoka kwenye chombo cha anga katikati ya jiji la Washington, likasimama kimya, na kila lilipofunua kifuniko cha uso wake, bunduki na vifaru viliyeyuka.

Chuma chenyewe kilikuwa sponji ya mpira iliyopakwa rangi ya fedha. Martin alikuwa bawabu wa Grauman's Chinese Theatre, jumba maarufu la sinema la Hollywood, na kazi ile aliipata kwa urefu wake wa zaidi ya futi 7. Urefu alikuwa nao, nguvu hakuwa nazo. Joto la ndani ya vazi halikumruhusu kukaa humo zaidi ya nusu saa hivi kwa mkupuo mmoja, na ilipofika zamu ya Gort kumbeba mwigizaji Patricia Neal, ilibidi zifungwe waya za kumpunguzia mzigo. Watoto walioketi safu za mbele wakitafuna bisi hawakuona waya. Waliona mkono usiochoka.

Ukiwasikiliza Wamarekani waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 wakisimulia filamu za roboti za utotoni mwao, mara nyingi hadithi yenyewe wameshaisahau. Nani alimpenda nani, mwanasayansi yupi alikuwa mbaya, yote yamewatoka. Kilichobaki ni roboti: namna ilivyotembea, taa zilizowaka kifuani, sauti yake nzito. Mimi naona kumbukumbu zao zimechagua vizuri. Hadithi nyingi kati ya hizo zilikuwa za hovyo, zimeandikwa haraka ili kujaza jumba siku ya Jumamosi, na kitu pekee kilichofanyiwa kazi kwa moyo ni lile vazi.

Studio hazikuliona hivyo. Filamu ikiisha, vazi lilipelekwa stoo, likakodishwa huku na huko, likabomolewa au likatupwa. Waliokuja kuyaokoa ni wale watoto, wakiwa sasa watu wazima wenye fedha zao mfukoni.

Mambo haya yalianza Ulaya, miaka 30 kabla ya Gort, na yalianzia jukwaani. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alichapisha tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, na Januari 1921 ikaigizwa katika Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Prague. Roboti zake hazikuwa na bati hata kidogo. Zilikuwa watu wa kutengenezwa kiwandani, wenye ngozi na vidole kama sisi, wakitumikishwa hadi siku walipoasi. Tamthilia hiyohiyo ndiyo iliyoziingiza roboti kwenye televisheni: BBC ya London ilirusha toleo lake la dakika 35 Februari 1938, wakati wenye televisheni walikuwa watu wachache waliokaa karibu na jiji.

Bati lililetwa na Wajerumani. Fritz Lang alianza kupiga picha za Metropolis Mei 1925 katika studio za kampuni ya Ufa huko Babelsberg, nje kidogo ya Berlin, akamaliza Oktoba 1926. Filamu ilimeza zaidi ya marki milioni 5 na ilikaribia kuifilisi kampuni. Roboti ya humo, mwanamke wa chuma anayepewa sura ya msichana Maria ili awapotoshe wafanyakazi, ilikuwa kazi ya mchongaji Walter Schulze-Mittendorff. Mwanzoni alifikiria shaba ya kufua, akaona hakuna binadamu atakayeweza kutembea nayo. Kilichomwokoa ni aina ya lipu ya unga wa mbao, inayofinyangika ikiwa mbichi na kuwa ngumu ikikauka.

Ili vazi limkae mwigizaji barabara, mwili wa Brigitte Helm ulipigwa plasta, na juu ya umbo hilo vikakatwa na kubandikwa vipande kimoja baada ya kingine, kisha vikapuliziwa rangi ya madini. Helm alikuwa na miaka 19, na hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Vazi halikukunjika alipokunjika yeye, kwa hiyo kila alipokaa au kuinuka kingo zake zilimchuna ngozi. Inasimuliwa kwamba aliuliza kwa nini asivalishwe mtu mwingine maadamu uso hauonekani, na Lang akamjibu kwamba yeye mwenyewe angejua. Zile pete za mwanga zinazopanda na kushuka kuizunguka roboti ikiwa imeketi kitini, ambazo hata leo zinawashangaza wanafunzi wa filamu, zilipatikana kwa kuurudisha mkanda uleule kwenye kamera tena na tena, kila safari ukipigwa picha nyingine juu ya ile ya kwanza.

Watoto nao walikuwamo, na hawakuja kutazama. Kwenye sehemu ambayo mji wa wafanyakazi unafurika, Lang aliajiri mamia ya watoto wa mitaa maskini ya Berlin, wakashindishwa ndani ya maji. Nikiitazama sehemu hiyo, roboti naisahau kabisa. Nawatazama wao, jinsi wanavyokimbilia palipoinuka, na najiuliza jioni walikula nini.

Onyesho la kwanza lilifanyika Berlin tarehe 10 Januari 1927. Mapato yakawa haba. Mwezi Aprili H. G. Wells, gwiji wa riwaya za sayansi wa Uingereza, aliisuta vikali katika New York Times, akiiona filamu ya kipuuzi kupita zote alizopata kuziona. Marekani ilikuwa imeshakatwa vibaya ili iwe fupi, na Ujerumani nayo ikakatwa vilevile. Vipande vilivyoondolewa vikatoweka, na lile vazi likatoweka pia. Nakala hiyo iliyokatwakatwa ndiyo aliyoiona Forrest J Ackerman, mtoto wa Los Angeles aliyekuwa na miaka 10, akaipenda. Wells alikuwa na miaka 60 na hoja zake zilikuwa na mantiki. Lakini historia ya filamu hii imefuata njia ya Ackerman, ambaye alipozeeka alisema ameitazama karibu mara 100.

Mwaka 1939 Ackerman alikwenda New York kuhudhuria mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za sayansi, akiwa amevaa vazi la mtu wa kesho alilotengenezewa na rafiki yake Myrtle Douglas. Watu walimkodolea macho mitaani. Katika jiji hilohilo, mwaka huohuo, Maonyesho ya Dunia yalikuwa yakiendelea, na kwenye banda la kampuni ya Westinghouse alisimama Elektro, roboti ya futi 7 iliyotembea polepole, ikahesabu kwa vidole, ikavuta sigara na kusema maneno mamia kadhaa yaliyohifadhiwa kwenye santuri. Elektro ndiye pekee katika simulizi hii ambaye hakuwa na mtu ndani, naye ndiye aliyekuwa goigoi kuliko wote. Baadaye alishuka hadhi hadi kuonekana katika filamu ya vichekesho vya bei rahisi mwaka 1960. Kuna wakati vipande vyake vilikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja ya Mansfield, Ohio, mji alikotengenezewa, na mtoto wa nyumba hiyo akavifanya vya kuchezea. Leo Elektro yupo kwenye makumbusho ya mji huo.

Kabla ya vita na wakati wa vita, roboti za Marekani ziliishi kwenye filamu za mfululizo, zilizoonyeshwa sehemu moja kila juma na kukatizwa mahali patamu ili mtoto arudi na senti zake. Nyingi zilifanana na pipa la maji moto lililoota miguu. Katika The Phantom Empire ya 1935, mwimbaji Gene Autry anakuta chini ya ardhi ufalme wenye roboti za bati, akiwa na kijana machachari aliyeigizwa na Frankie Darro. Darro alikuwa na miaka 17, mfupi, mwepesi, hodari wa kupanda farasi na kuanguka bila kuumia. Jina lake likumbukwe.

Baada ya Gort, watayarishaji wasio na fedha nao wakaamka. Phil Tucker alitaka kutengeneza filamu ya roboti mwaka 1953 lakini hakuwa na uwezo wa kuitengeneza roboti. Alimjua George Barrows, mwigizaji aliyemiliki vazi la gorila na aliyekuwa akipata riziki kwa kulivaa. Tucker akamvika kofia ya mpiga mbizi, akaipachika antena, akamwita Ro-Man, wakapiga picha kwa siku chache tu katika Bronson Canyon, pembeni ya Hollywood. Filamu hiyo, Robot Monster, hutajwa kila panapoandikwa orodha ya filamu mbaya kuliko zote, na inastahili. Target Earth ya 1954 inasimulia jeshi la roboti kutoka sayari ya Zuhura lililoivamia Chicago; vazi lililotengenezwa lilikuwa moja tu, likapita na kupita tena mbele ya kamera hadi likawa jeshi. Mwaka huohuo kampuni ya Republic ilitoa Tobor the Great, hadithi ya mvulana wa miaka 11 anayeelewana na roboti ya babu yake kwa mawazo tu. Wakubwa waliiona ya kawaida. Watoto waliona kitu kingine: filamu ambamo roboti inakuja mbio kumwokoa mtoto, tena mtoto huyo ndiye anayeijua kuliko maprofesa wote.

Sasa tufike kwa Robert Kinoshita, ambaye kwangu ndiye mtu mkubwa kuliko wote katika habari hii.

Kinoshita alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, katika jamii ya Wajapani wa mji huo, akasomea usanifu majengo katika Chuo Kikuu cha Southern California. Februari 1942, majuma machache baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyowang'oa watu wa asili ya Kijapani wapatao 120,000 kutoka pwani ya magharibi ya Marekani. Wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Kinoshita na mkewe walipelekwa kambini Poston, kwenye jangwa la Arizona. Waliruhusiwa kutoka kabla ya vita kwisha kwa sababu walipata mdhamini, wakahamia Wisconsin, na huko, mbali na Hollywood, msanifu yule akajifunza ubunifu wa bidhaa za viwandani na ufundi wa plastiki. Miongoni mwa vitu alivyobuni ni mashine za kufulia za jeshi, la nchi ileile iliyomfungia jangwani.

Vita vilipokwisha alirudi California, akapata kazi ya kuchora katika studio. Mwaka 1955 studio ya MGM ilikuwa ikitayarisha filamu ya Forbidden Planet, na tofauti na akina Tucker, ilikuwa na fedha. Arnold Gillespie, mkuu wa idara ya mbinu maalumu za picha, na mchoraji Mentor Huebner walishatoa mawazo ya roboti. Kinoshita ndiye aliyeyakusanya, akatengeneza mfano mdogo, kisha akachora ramani za kila kiungo. Mwili ulifinyangwa kwa plastiki iliyolainishwa kwa joto. Ndani zilipita waya za umeme futi 2,600, ambazo ni karibu mita 800. Gharama ilipita dola 100,000, fedha ambazo zingetosha kutengeneza filamu ya Tucker mara kadhaa. Roboti ikapewa jina Robby. Ukimtazama ukiwa unajua Kinoshita aliwahi kubuni mashine za kufulia, tumbo lile la duara lenye mifuniko na mbavu halikupi shida kulielewa.

Mtu wa ndani alikuwa Frankie Darro. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu The Phantom Empire, na ujana uliomfanya nyota ulikuwa umekwisha. Kati ya kazi zake za mwisho zilizosikika sana ni sauti ya Lampwick, yule mvulana mtukutu anayegeuka punda katika Pinocchio ya 1940. Sasa alikuwa na miaka 37 na ufupi wake ulimfaa. Alifungiwa ndani ya plastiki na umeme, sauti yake haikutumika, kwani Robby anazungumza kwa sauti ya Marvin Miller. Inasimuliwa kwamba siku moja alirudi kutoka mapumziko ya mchana akiwa amekunywa, akayumba, na Robby wa dola 100,000 nusura aende chini. Nafasi yake ikachukuliwa na Frankie Carpenter.

Filamu ilitoka mwaka 1956, kwa rangi na kwa pazia pana, ikiwa na muziki wa kielektroniki mtupu uliotungwa na Louis na Bebe Barron. Robby anapika, anaendesha gari, anamshonea nguo binti wa bwana wake, na anamtengenezea mpishi wa meli galoni 60 za pombe kali bila kumuuliza za nini. Akiamriwa kumpiga binadamu, mwili wake unatoa cheche na kuganda. Gort aliweza kuiangamiza dunia nzima. Huyu hawezi hata kumkwaruza mtu. Nadhani hapo ndipo watoto walipobadilika pia, kutoka kuiogopa roboti hadi kuitaka iwe yao. MGM ililisoma hilo upesi: mwaka uliofuata Robby alirudi katika The Invisible Boy, safari hii akiwa rafiki wa mvulana wa miaka kumi anayemuunganisha upya baada ya wakubwa kushindwa.

Wengi, hata hivyo, hawakumwona Robby kwenye pazia pana. Walimwona nyumbani. Studio ndogo zilikuwa zikiviuzia vituo vya televisheni filamu zao za zamani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kubwa zikafuata. Gort aliingia sebuleni kupitia televisheni ya NBC mwaka 1962. Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kioo kilikuwa kidogo, picha nyeusi na nyeupe, mara ikijaa chenga. Zipu haikuonekana. Mkunjo wa sponji kwenye goti la Gort, ambao kwenye pazia kubwa mtu makini angeuona, ulimezwa na chenga. Bati bovu likawa chuma kizuri.

Tena hapakuwa na kurudisha nyuma. Mashine za kurekodi zilikuwa bado hazijaingia majumbani. Mtoto aliiona filamu mara moja, pengine akikesha kwa kuibia baada ya wazazi kulala, kisha akangoja mwaka au miaka miwili kituo kiirudie. Katikati ya hapo roboti iliishi kichwani mwake, ikirefuka na kung'aa. Nafikiri hii ndiyo sababu watu wengi huingiwa na aibu kidogo wanapozitazama tena filamu hizo ukubwani. Roboti waliyoilea wenyewe kichwani ilikuwa bora kuliko ile ya studio.

Aliyewafungulia zipu ni Ackerman. Mwaka 1958, pamoja na mchapishaji James Warren, alianzisha jarida Famous Monsters of Filmland, akawa mhariri wake. Lilijaa picha za mazimwi na roboti, na pia picha za mafundi wakiyatengeneza, waigizaji wakiwa nusu ndani nusu nje ya mavazi, kichwa kikiwa kimeshikwa kwapani. Wazazi wengi walilichukia. Walimu walilinyang'anya. Ungedhani mtoto akionyeshwa kwamba Gort ni bawabu aliyevaa sponji atavunjika moyo. Kumbe wengi walitoka pale wakitafuta plasta na gundi. Stephen King akiwa kijana alimtumia Ackerman hadithi yake. Haikuchapwa wakati ule, lakini Ackerman aliihifadhi, na miaka mingi baadaye akamletea mwandishi huyo, aliyekuwa ameshavuma, aitie saini.

Gundi na bati vilikuwa vikifanya kazi upande mwingine wa dunia pia. Viwanda vidogo vya Japani viliinuka baada ya vita kwa kutengeneza vitu vya kuchezea kutokana na mabati ya makopo, kazi ambayo mtoto yeyote aliyewahi kukata kopo la maziwa ili apate gari anaijua vizuri. Mwaka 1957 kampuni ya Nomura ilitoa roboti ya bati iliyomwiga Robby waziwazi, ikapelekwa kuuzwa Marekani. Kwa hiyo sura iliyochorwa na mtu aliyefungwa kwa sababu ya asili yake ya Kijapani ilikwenda Japani, ikarudi Marekani ndani ya boksi, ikawekwa chini ya miti ya Krismasi. Watoto wa Japani wenyewe walikuwa na roboti yao, Atom wa mchoraji Osamu Tezuka, aliyeanza kuonekana jaridani mwaka 1951 na kwenye televisheni tarehe 1 Januari 1963. Kizazi cha wahandisi waliounda roboti zinazotembea kwa miguu miwili huko Japani kimesema waziwazi kwamba kilianzia kwake.

Kinoshita alipata nafasi ya pili. Septemba 1965 CBS ilianza kurusha Lost in Space, na roboti ya familia ile iliyopotea angani ilikuwa yake: kifua cha duara, mikono inayojikunja kama akodioni, kichwa cha kioo. Ndani alikuwa Bob May, sauti ikiwa ya Dick Tufeld. Kwa picha za karibu lilitengenezwa vazi lisilo na miguu, May akatembea kwa suruali yake mwenyewe huku kamera ikimkata kiunoni. Vipindi vilikuwa 83 kwa miaka mitatu, na kufikia mwisho roboti ilikuwa inamwonya na kumkinga mvulana Will Robinson kuliko wazazi wake mwenyewe. Robby naye alialikwa mara mbili, akipangwa kuwa adui. Ni jambo la kuchekesha kidogo, mtoto mkubwa wa Kinoshita akipigana na mdogo wake.

Kisha fedha za studio zikakauka. Mei 1970 MGM iliuza mali zake kwa mnada, hadi viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz, vilivyopata dola 15,000. Robby naye akauzwa, akaishia kwenye makumbusho ya magari na filamu huko Buena Park, California, ambako wageni walimnyofoa hiki na kile. William Malone alikuwa mtoto wa Michigan aliyempenda Robby tangu utotoni, na kwa kuwa hakuwa na namna ya kumpata, mwanzoni mwa miaka ya 1970 akajitengenezea wake. Mwaka 1979 akafanikiwa kumnunua yule wa asili akiwa hoi, na kwa kuwa alikuwa ameshajenga Robby mmoja kuanzia mwanzo, alijua kila skrubu inakaa wapi. Alimkarabati mwenyewe. Baadaye Malone aliongoza filamu za kutisha, ikiwemo House on Haunted Hill ya 1999, lakini nina hakika jina lake litadumu kwa ukarabati ule.

Watoto wengine wa kizazi hicho waliingia studio moja kwa moja. Katika Silent Running ya 1972, Douglas Trumbull alitaka roboti fupi zisizofanana na mtu, akawaajiri vijana waliopoteza miguu, wakatembea kwa mikono ndani ya maboksi. Miaka michache baadaye George Lucas alimpa mchoraji Ralph McQuarrie kazi ya kubuni roboti mbili za Star Wars. Fupi ilikuwa na deni kwa Trumbull, na ndani yake akaingia Kenny Baker, aliyekuwa na kimo cha sentimita 112. Ndefu, C-3PO, ilichorwa na McQuarrie kwa kumfuata mwanamke wa Metropolis. Mchongaji Liz Moore akalifinyanga umbo lake juu ya plasta iliyopigwa mwilini mwa Anthony Daniels, jinsi alivyofanyiwa Helm nusu karne nyuma. Siku ya kwanza ya kazi, jangwani Tunisia, Machi 1976, kipande cha plastiki cha mguuni kilivunjika na kumchoma Daniels.

Metropolis yenyewe ilibaki na mapengo. Kulikuwa na uvumi huko Argentina: Fernando Martín Peña, mtafiti wa filamu, alimsikia mzee wa klabu ya sinema akilalamika kwamba siku walipoionyesha alilazimika kuubana mkanda kwa kidole kwenye projekta kwa zaidi ya saa mbili. Peña akapiga hesabu. Nakala zote zilizojulikana zilikuwa fupi kuliko hapo. Ilichukua miaka hadi mwaka 2008 ndipo yeye na Paula Félix-Didier, mkurugenzi wa Museo del Cine ya Buenos Aires, walipofungua makopo na kukuta sehemu karibu zote zilizopotea, zikiwa zimechubuka sana, kutoka kwenye nakala ambayo msambazaji mmoja aliinunua mwaka 1928. Februari 2010 filamu ilionyeshwa Berlin, watu wakiitazama pia nje kwenye baridi mbele ya Lango la Brandenburg. Ackerman alikosa kuiona. Alifariki Desemba 2008, miezi mitano baada ya habari za ugunduzi kutangazwa.

Novemba 2017 Malone alimpeleka Robby kwenye mnada wa Bonhams, New York, pamoja na gari lake la filamuni na masanduku ya asili ya MGM. Aliuzwa dola 5,375,000. Kinoshita alikuwa amefariki miaka mitatu kabla ya mnada huo, akiwa na umri wa miaka 100. Darro alifariki siku ya Krismasi mwaka 1976, miezi mitano kabla Star Wars haijatoka. Mwanzoni mwa Forbidden Planet, majina ya waigizaji yanapopita kwenye pazia, Robby anatambulishwa kama nyota mpya. Darro na Carpenter hawatajwi.